NAMBA NI WATU WA NCHI MOJA

Twataka kushindana na wazo moja lililoenea sana katika shule na nyumba zetu, nalo ni hili: ya kwamba namba ziko za namna nyingi, na kila namna ni kabila mbali, lenye sheria zake na desturi zake, wala halina udugu na jingine. Mtoto hufundishwa kwanza namba nzima, akazifunga kama mzigo na kuziweka kando. Kisha huletewa sehemu, kisha desimali, kisha asilimia, kisha namba hasi, na mwishowe vipeuo na pai. Kila mzigo una kamba yake. Na mtoto akiisha kuibeba yote hajui ya kuwa amebeba nafaka ile ile, iliyofungwa mara nyingi.

Sisi twasema ya kuwa mafundisho ya namna hii ni mabaya, tena hasara yake haibaki darasani. Humfuata mtu mpaka mizanini, dukani, na siku ya kugawanya shamba la marehemu. Twataka kuonyesha ya kuwa namba ni watu wa nchi moja: kila namna mpya ililetwa kwa sababu palikuwa na swali lisilo na jibu katika zile za kwanza, na zile za kwanza hazikufukuzwa, bali zimo ndani ya hizo mpya hata leo.

Tuanze na neno ambalo mtoto huambiwa angali mdogo: "Huwezi kutoa 5 katika 3." Mwalimu asemaye hivi hana nia ya kudanganya, ataka kumfundisha mtoto kukopa katika makumi. Walakini neno lenyewe si kweli. Lililo kweli ni kwamba katika namba za kuhesabia hakuna jibu. Maneno manne haya, "katika namba za kuhesabia", ndiyo yatengayo kweli na uongo, nayo ndiyo yaachwayo kila siku. Baada ya miaka michache mwalimu mwingine huja akamwambia mtoto yule yule ya kuwa 3 kutoa 5 ni 2 hasi. Mtoto afanye nini? Hana budi kuamini ya kuwa mmoja wa walimu wake amemwambia uongo, au ya kuwa hesabu ni mchezo ambao kanuni zake hugeuzwa na wakubwa wapendavyo. Wengi huchagua la pili, na tangu siku hiyo huacha kuuliza kwa nini.

Tazameni Ziwa Tanganyika. Uso wake uko yapata mita 773 juu ya usawa wa bahari, na mahali penye kina kupita pote ni yapata mita 1,470. Mtu akiuliza chini kabisa ya ziwa pako wapi, sharti atoe 1,470 katika 773, na jibu ni 697 hasi, maana yake mita 697 chini ya usawa wa bahari. Ziwa halikungoja ruhusa ya kitabu. Tena mwanakijiji aliye na shilingi 3,000, akachukua dukani vitu vya shilingi 5,000, naye mwenye duka akamwandikia daftarini, ajua sana ya kuwa sasa yuko shilingi 2,000 chini ya sifuri, ingawa hakusoma hata darasa moja. Brahmagupta wa Bara Hindi, alipoandika kanuni za namba hizi katika mwaka 628, aliziita kwa majina hayo hayo ya sokoni: zilizo juu ya sifuri aliziita mali, na zilizo chini yake aliziita deni. Mtu akikufutia madeni matatu ya shilingi 2 kila moja, umepata shilingi 6. Na hiyo ndiyo maana ya kwamba 3 hasi mara 2 hasi ni 6 chanya, kanuni ambayo wanafunzi huikariri kama uganga.

Hatusemi ya kuwa jambo hili ni jepesi. Hata katika mwaka 1758 Mwingereza Francis Maseres, mtu msomi, aliandika kitabu cha kuzipinga namba hasi. Kama msomi wa Ulaya alizikataa miaka zaidi ya elfu moja baada ya Brahmagupta, si ajabu mtoto wa darasa la tano akisitasita. Lakini msomi yule alikataa kwa sababu alifikiri. Mtoto wetu asumbuka kwa sababu aliambiwa "haiwezekani" na mtu anayemwamini.

Jambo la pili ni sehemu. Wako wasemao ya kuwa sehemu si namba hasa, ila ni namba mbili, moja imeketi juu ya nyingine. Basi na tuulize vipimo vya wazee wetu wa pwani. Wao walipima nafaka kwa kibaba, kisaga na pishi: vibaba 2 ni kisaga 1, na visaga 2 ni pishi 1. Chukua kibaba kimoja cha mtama. Ukihesabu kwa vibaba, una 1. Ukihesabu kwa visaga, una nusu. Ukihesabu kwa pishi, una robo. Mtama haukuongezeka hata punje moja, wala haukupungua. Kilichobadilika ni kipimo ulichokishika mkononi. Basi 1 na nusu na robo zitakuwaje makabila mbali, hali zimetaja mtama ule ule?

Na ukipima vibaba 8, una pishi 2. Maana yake 8 kwa 4 ni 2. Na 4 kwa 2 ni 2. Na 2 kwa 1 ni 2. Kila namba nzima yaweza kuandikwa kwa mfano wa sehemu, wala haijabadilika. Mtoto aliyeelewa jambo hili hatashangaa akiambiwa ajumlishe 2 na robo tatu: atageuza pishi 2 kuwa vibaba 8, aongeze vibaba 3, apate 11, yaani robo kumi na moja. Asiyeelewa atajumlisha cha juu na cha juu, cha chini na cha chini, maana ameona namba nne zilizoketi, si namba mbili zilizosimama.

Katika shina hilo hilo la upotovu limeota neno jingine: "Kuzidisha huongeza, na kugawanya hupunguza." Mama mwenye pishi 6 za mchele, akizigawanya kwa nusu pishi kila mtu, atalisha watu 12. Amegawanya 6 kwa nusu, akapata 12. Tena akizidisha 6 kwa nusu, apata 3. Neno lile ni kweli kwa namba nzima kuanzia 2 na kuendelea, wala si kweli kwa namba zote. Walakini mtoto hakuambiwa mpaka wake. Amepewa kanuni ya kitongoji kana kwamba ni sheria ya nchi nzima.

Tatu ni desimali, na hapa hasara yaonekana kwa macho. Mkulima apeleka kahawa mizanini, na mizani yasoma 12.5. Karani aandika 12.15. Mkulima atazama, aona 15 ni kubwa kuliko 5, arudi nyumbani akifurahi. Kumbe amepoteza gramu 350, naye amezipoteza mwenyewe, kwa sababu aliamini ya kuwa kilicho baada ya nukta ni namba nzima nyingine iliyojitenga. Karani hakuhitaji kumficha kitu, alimwonyesha maandishi.

Upotovu huu huanzia kinywani. Watu husoma "kumi na mbili nukta kumi na tano". Lakini hakuna kumi na tano hapo. Tarakimu ya kwanza baada ya nukta ni sehemu za kumi, na ya pili ni sehemu za mia. Sharti tusome "nukta moja tano", na mwalimu asikubali usomaji mwingine. Tunajua desturi ile imetoka wapi: watu walikutana na nukta kwanza katika fedha, ambamo 2.50 husomwa shilingi mbili na senti hamsini, na katika saa, ambamo 2.30 husomwa saa mbili na dakika thelathini. Ya fedha yafaa, maana senti ni sehemu za mia. Ya saa si desimali hata kidogo, maana dakika ni sehemu za sitini. Na saa mbili na nusu, kwa desimali, ni 2.5. Mambo haya mawili yanafanana kwa sura tu, nayo yapasa kutengwa mbele ya watoto waziwazi.

Desimali, basi, ni nini? Ni sehemu zile zile, zilizoandikwa kwa kumi. Kila Mkristo aijuaye zaka aijua desimali ya kwanza: fungu la kumi ni 0.1. Na mtu aliyeeneza desimali katika Ulaya, Simon Stevin wa mji wa Bruges, alikitoa kitabu chake katika mwaka 1585 kwa jina De Thiende, na maana yake ni hiyo hiyo, sehemu ya kumi. Huyu Stevin tunamtaja kwa sababu ya pili pia. Wasomi wengi wa kale waliona ya kuwa hata moja si namba, ila ni chanzo cha namba. Na vipeuo visivyo na jibu kamili waliviita vya upuuzi. Stevin akawapinga, akasema moja ni namba, na kipeuo ni namba kama nyingine, wala hakuna namba ya upuuzi. Neno tulisemalo leo lina umri wa miaka zaidi ya mia nne, nalo bado halijafika katika vyumba vingi vya madarasa.

Mtu ataka kuona udugu wa sehemu na desimali? Na agawanye 1 kwa 7. Atapata 0.142857, kisha tarakimu zile zile zitarudi, 142857, na tena, bila mwisho. Kwa nini hurudi? Kwa sababu ukigawanya kwa 7, baki yaweza kuwa 1, 2, 3, 4, 5 au 6 tu. Baki ikiwa sifuri, kazi imekwisha. Isipokuwa sifuri, baada ya hatua sita huna budi kukutana na baki uliyokwisha kuiona, na kuanzia hapo njia ni ile ile. Hivi ndivyo ilivyo kwa kila sehemu: desimali yake ama hukoma, kama robo, ambayo ni 0.25, ama hujirudia, kama theluthi, ambayo ni 0.333 na kuendelea. Zote zinazoandikwa kwa namba kamili mbili, moja juu na moja chini, isipokuwa sifuri haikai chini, huitwa namba wiano.

Sasa mtu ataweza kusema, "Kama ni hivyo, namba wiano ndiyo nchi yote." Maana kati ya namba wiano mbili zozote daima iko nyingine, na kati ya hizo nyingine tena. Yaonekana hakuna nafasi iliyobaki. Lakini iko.

Chora mraba wenye upande wa mita 1. Je, ulalo wake, yaani mstari utokao pembe hata pembe ya pili, una urefu gani? Weka miraba minne ya namna hiyo pamoja, iwe mraba mmoja mkubwa, kisha kata kila mmoja kwa ulalo, ili nyalo nne zizunguke katikati. Utapata mraba ulioinama, wenye nusu ya kila mmoja katika ile minne, yaani eneo la 2. Basi ulalo ni ile namba ambayo ikizidishwa kwa nafsi yake hutoa 2, nacho ndicho kipeuo cha pili cha 2. Jaribu 7 kwa 5: 7 mara 7 ni 49, na 5 mara 5 mara mbili ni 50; umekosa kwa moja. Jaribu 17 kwa 12: ni 289 na 288, umekosa kwa moja. Jaribu 99 kwa 70: ni 9,801 na 9,800, umekosa kwa moja tena.

Wayunani wa kale walionyesha ya kuwa hutafaulu kamwe, na hoja yao yaweza kufuatwa na kila ajuaye kugawanya kwa mbili. Tuseme ulalo ni sehemu iliyokwisha kurahisishwa kabisa. Basi ya juu mara nafsi yake ni sawa na mara mbili ya ile ya chini mara nafsi yake. Kwa hiyo ya juu ni shufwa, yaani yagawanyika kwa 2. Ikiwa ya juu yagawanyika kwa 2, yenyewe mara nafsi yake yagawanyika kwa 4. Basi ya chini mara nafsi yake yagawanyika kwa 2, na ya chini nayo ni shufwa. Zote mbili zagawanyika kwa 2, hali tulisema imekwisha kurahisishwa! Maneno haya hayawezi kukaa pamoja. Basi ulalo ule si namba wiano. Walakini uko, umechorwa chini, na fundi aukata kwa msumeno.

Namba ya jamaa hiyo ni pai, nayo yatuletea kosa la nne. Wanafunzi wengi hutoka shuleni wakisema "pai ni 22 kwa 7". Hapana. 22 kwa 7 ni 3.142857, nayo hujirudia kama tulivyoonyesha. Pai ni 3.14159 na kuendelea bila kujirudia. Archimedes wa Syracuse, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, hakusema pai ni 22 kwa 7. Alionyesha ya kuwa pai ni ndogo kuliko hiyo, na kubwa kuliko 3 na 10 kwa 71. Na katika mwaka 1761 Johann Heinrich Lambert alihakikisha ya kuwa pai si namba wiano hata kidogo. Wasomaji wa Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 7, wakumbuka bahari ya kusubu ya Sulemani, mikono 10 toka ukingo hata ukingo na mikono 30 kuizunguka. Mviringo wa mikono 10 kamili wahitaji uzi wa mikono 31 na zaidi kidogo. Sisi hatuoni uongo katika habari ile. Twaona desturi ya kutaja namba nzima iliyo karibu. Kukadiria si dhambi. Kukadiria na kusema ni sawasawa, ndiko tukulaumuko.

Basi sasa tuitazame nchi yote. Namba za kuhesabia ni kitongoji. Ongeza sifuri na namba hasi, upate kijiji, nacho ni namba kamili. Ongeza sehemu, upate wilaya, nayo ni namba wiano. Ongeza vipeuo visivyokoma, na pai, na ndugu zao, upate nchi yote, nayo ni namba halisi. Mtu wa kitongoji ni mtu wa kijiji, tena ni mtu wa wilaya, tena ni raia. Hakuna amwulizaye, "Je, wewe ni wa kijiji au ni wa wilaya?" Lakini wanafunzi huulizwa, "Je, 3 ni namba nzima au ni namba wiano?" kana kwamba sharti achague moja. Swali hilo ni baya, na jibu lake la kweli ni kwamba ni zote mbili.

Twajua tutakavyojibiwa. Wengine watasema, "Watoto watachanganyikiwa." Twauliza: je, sasa hawajachanganyikiwa? Hatutaki mtoto wa darasa la kwanza afundishwe pai. Twataka mwalimu aseme "kwa namba tulizo nazo leo, hakuna jibu, ziko nyingine mtakazozijua baadaye." Mtoto hachanganyikiwi na mlango uliofungwa akijua ya kuwa ni mlango, huchanganyikiwa akiambiwa ni ukuta, kisha akaona watu wakipita.

Wengine watasema, "Mtihani hauulizi mambo haya." Lakini mtihani huuliza matunda yake kila mwaka: kupanga 0.3 na 0.25 na theluthi kwa utaratibu, au kujumlisha namba hasi. Asiyeujua udugu wao atakariri kanuni ishirini, na katika joto la mtihani atazichanganya. Tena katika Tanzania mtoto aingiapo kidato cha kwanza hukuta majina yote ya hesabu yamegeuka kuwa ya Kiingereza. Aliyejua jambo lenyewe atalitambua katika nguo mpya. Aliyejua jina tu atadhani amekutana na mgeni wa saba.

Na wengine watasema, "Mkulima ana haja gani?" Wamwulize yule wa kilo 12.15.

Tiba si ghali. Mwalimu na achore mstari mmoja mrefu ukutani au ardhini, wala asiufute mwaka mzima. Aweke 0 katikati, mali kuume, deni kushoto. Darasa la namba nzima likija, ziwekwe hapo. Sehemu zikija, zisichorwe mahali pengine, ila katika mstari ule ule, nusu kati ya 0 na 1, na 0.5 iandikwe chini ya nusu pale pale, na asilimia 50 chini yake. Ulalo wa mraba na ulazwe juu ya mstari kwa kamba, watoto waone unafika kati ya 1.4 na 1.5. Kila namba ina kituo chake, na kituo kimoja chaweza kuwa na majina mengi.

Nanyi wazazi, msiseme ya kuwa hii ni kazi ya walimu peke yao. Mtoto akirudi jioni, mwulizeni ni ipi kubwa, 0.3 au 0.25, na kwa nini. Akijibu kwa kanuni aliyoikariri, mpeni kibaba na mtama, mwambie aonyeshe. Akishindwa, nendeni kwa mwalimu kwa adabu mkamwulize mstari uko wapi.